Sura ya Saba: Hatua Moja Kushoto

"Rudisha," alisema mpelelezi.

Binti wa mistari, aliyeuendesha mtambo wa video, akarudisha. Kwenye kioo mpira ulitoka wavuni ukarudi mguuni kwa mshambuliaji wa timu ya bluu, naye akaenda kinyumenyume mpaka akafika pale alipoanzia, karibu na beki wa kijani. Picha ikasimama.

"Sasa nisikilizishe sauti."

Binti akabonyeza. Ikatoka sauti ya mtu mzima, ya upole, iliyorekodiwa ndani ya chumba hiki hiki siku tisa zilizopita: "Sogeza. Sogeza kidogo tena. Hapo. Hapo hapo."

Maneno saba. Kwa maneno hayo saba mzee mmoja alikuwa ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu leo saa nane mchana, na sasa ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

Mzee huyo alikuwa refa wa video katika mechi ya mwisho ya ligi. Miaka thelathini na minne alipuliza filimbi uwanjani, mpaka goti likamkatalia, na watu wote wa mpira walimwita Mzee Kipenga. Mtambo wa kuchora mistari ya kuotea ulipoletwa msimu huu, walimweka chumbani aketi mbele ya vioo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipendelea timu. Dakika ya themanini na sita, timu ya bluu ilifunga. Mtambo ukachora mstari, mstari ukasema mshambuliaji ameotea, Mzee Kipenga akalifuta goli. Bluu wakashuka daraja. Kesho yake mashabiki waliokuwa wameketi sambamba na beki walileta picha za simu zao, na kila picha ilionyesha mshambuliaji hajampita beki, bado shibiri nzima. Kampuni ya mtambo nayo ikaandika barua ya mistari miwili: mtambo haukuwa na hitilafu yoyote.

Kama mtambo haukukosea, basi ni mkono wa mtu. Na mkwe wa Mzee Kipenga, mume wa binti yake, alikuwa daktari wa timu ya kijani. Kamati ilitaka kumfungia maisha na kulipeleka jalada lake polisi.

Mpelelezi hakuwa mtu wa mpira, na hakuficha. Alikuwa ameshughulikia kesi za wizi wa majumbani kwa miaka ishirini na miwili kabla ligi haijamwajiri. Vijana wa ofisini walimwita Mama Taratibu, naye aliitika.

"Nieleze kama unamweleza shangazi yako," alimwambia binti. "Alikwambia usogeze nini?"

"Alama ya beki, mama. Mimi naweka alama mbili. Moja kwenye sehemu ya mwili wa beki iliyo karibu zaidi na goli lake, moja kwa mshambuliaji. Mtambo unachora wenyewe. Niliweka alama ya beki kwenye kisigino. Mzee akaona goti limeingia ndani zaidi. Akasema sogeza."

"Kusogeza huko kulimsaidia nani?"

"Mshambuliaji."

"Timu ya bluu? Waliofutiwa goli?"

"Ndiyo, mama."

Mpelelezi aliandika. "Kwa hiyo aliwasogezea mstari uwafae, na bado mstari ukawakataa. Umewaambia kamati?"

"Waliniuliza kama alisema sogeza. Nikasema ndiyo. Wakasema asante, nenda." Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na juu ya meza yake kulikuwa na chupa ya maji ambayo hakuwa ameigusa tangu wafike. Mpelelezi akaifungua, akamsogezea.

"Kunywa kwanza. Halafu uniwekee kipande kingine cha kamera hiyo hiyo. Cha kipindi cha kwanza."

"Hakipo. Picha zote zinajifuta baada ya siku saba. Kinachobaki ni kile kilichoombwa na refa, na kipindi cha kwanza hakuna aliyeomba kitu."

"Hakuna hata picha moja?"

Binti alifikiri. Kisha akainuka, akafungua kabati, akatoa faili. "Ipo ya asubuhi. Kabla ya kila mechi tunautambulisha mtambo kwa uwanja, tunauonyesha kamera imesimama wapi na mistari ya boksi iko wapi. Mwenyekiti hapendi mambo ya kompyuta tupu, anataka karatasi. Kwa hiyo tunachapisha picha moja, tunabana hapa na fomu."

Mpelelezi aliiweka karatasi kando ya kioo. Uwanja ule ule, boksi lile lile. Ng'ambo, nyuma ya uwanja, mlingoti mwembamba wa bendera, na nyuma ya mlingoti, ukutani, mlango mweupe wa stoo.

Alitazama muda mrefu.

"Stoo ile nani ana ufunguo?"

"Mtunza uwanja. Kwa nini?"

"Asubuhi haikuwa na kufuli. Hapa kwenye goli ina kufuli, tena kubwa."

Binti akainama kutazama. Ilikuwa kweli. Kwenye kioo kufuli jeusi lilionekana wazi kwenye mlango mweupe. Kwenye karatasi hakukuwa na kitu. Mpelelezi alichukua simu, akampigia mtunza uwanja, akauliza nani aliingia stoo asubuhi ile na kwa kazi gani. Jibu lilikuwa fupi: stoo haijafunguliwa mwezi mzima, panya ndio wenye nyumba, na kufuli limeshika kutu hata yeye mwenyewe atahitaji nyundo.

"Basi kufuli lilikuwepo," mpelelezi alisema, akaweka simu chini. "Lilikuwepo, halikuonekana."

Aliinua kidole chake mbele ya uso, akafumba jicho moja. Akafumbua, akafumba la pili. Kidole kilihama ukutani kutoka kalenda hadi swichi ya taa.

"Fanya hivi, mwanangu."

Binti akafanya. Akarudia. Kisha mkono wake ukashuka polepole.

"Mlingoti ulikuwa umeliziba," alisema. "Asubuhi mlingoti uliliziba kufuli. Kwenye goli haulizibi. Mlingoti haukuhama, mlango haukuhama..."

"Jicho ndilo lililohama," alimalizia mpelelezi. "Kamera ikisogea baada ya kutambulishwa, mtambo unajuaje?"

"Haujui. Unadhani bado iko pale pale. Mstari unapinda, kama rula iliyosukumwa upande mmoja." Binti alikuwa amesimama sasa. "Hata shibiri! Hata shibiri unaweza kukosea, mama, na wenyewe ukasema hauna hitilafu, kwa sababu wenyewe hauna! Basi mzee amepona!"

"Taratibu. Hakuna ukaguzi wa kuligundua hilo?"

Furaha ya binti ilikatika. Alikaa.

Fomu ilikuwa chini ya picha. Visanduku vitatu: asubuhi, kabla ya mechi, mapumziko. Vyote vilikuwa na alama ya vema. Kando ya kisanduku cha tatu kulikuwa na doa la kidole gumba, la rangi ya majani makavu, na karatasi ilikuwa imelainika hapo.

"Hili ni doa la mafuta," mpelelezi alisema. "Ulikuwa unakula?"

Binti akalifunika doa kwa kiganja.

"Mwanangu, mimi si mama yako, wala si kamati. Niambie."

"Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu jana yake usiku. Mzee aliniona natetemeka mikono. Akasema nenda ukale, nitakaa hapa, mechi haitaanza bila wewe. Nikaenda. Nikarudi wanapuliza filimbi. Nikatia alama kwenye fomu." Alijifuta macho kwa kiganja. "Yeye hajui kama kuna ukaguzi wa mapumziko. Hiyo ni kazi yangu mimi. Yeye aliona mtoto ana njaa tu."

Mpelelezi aliandika na hilo. Aliliandika kama lilivyosemwa, kwa sababu ndivyo alivyozoea.

*

Uwanja ulikuwa mtupu. Ligi ilikuwa imekwisha, na mafundi walikuwa wanang'oa viti vilivyovunjika upande wa mashariki. Jukwaa la kamera ya mstari lilikuwa chini, usawa wa boksi, limetengenezwa kwa mbao na kuinuliwa kiasi cha kiuno. Mpiga picha alikuwa amechuchumaa juu yake akikunja nyaya. Hata alipochuchumaa alikuwa mrefu. Wenzake walimwita Twiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo na kazi?"

"Sijambo. Karibu. Subiri, hapo pana misumari." Alivua koti lake, akalikunja mara mbili, akalitandika kwenye kisanduku cha nyaya ili akalie. Mpelelezi alishukuru, akakaa.

Mbele yake, juu ya mbao, kulikuwa na misalaba mitatu ya rangi ya njano.

"Hii ni ya nini?"

"Ndipo miguu ya kamera inapokaa."

"Na haya?"

Kando ya kila msalaba, upande wa kushoto, kulikuwa na tundu dogo kwenye ubao, la ncha ya chuma, mbao yake bado nyeupe ndani.

Twiga alitazama matundu, akatazama mafundi wa viti. "Mbao za zamani hizi, mama. Mchwa."

"Mchwa watatu, kila mmoja ana rula yake?"

Alicheka kabla hajajizuia. Kisha akaacha. Mpelelezi aliinuka, akapima kwa mguu wake kutoka msalaba hadi tundu, akaandika, akapima la pili, akaandika, akarudi kukaa. Upande wa mashariki kiti kilidondoka na mafundi wakataniana nani atakilipa.

"Ni kile kiti cha magurudumu," alisema Twiga mwishowe.

"Kipi?"

"Kuna dada mmoja, fundi saa. Anakuja kila mechi. Njia ya kupandishia kiti ni moja tu uwanja mzima, na inaishia hapa, nyuma ya jukwaa. Nusu nzima ya kwanza ameangalia mgongo wa kamera. Hakulalamika. Goli la kwanza watu wanaruka, yeye anamwuliza mtu wa pembeni, nani kafunga? Roho iliniuma. Mapumziko nikainyanyua, nikaiweka kushoto. Hatua moja tu, mama. Nikairudisha picha ilivyokuwa, boksi pale pale, hata mimi mwenyewe nisingeona tofauti."

"Hukujua kwamba kamera hii haisogezwi?"

"Mimi si wa hapa. Aliyepata mafunzo ni mwenzangu. Alfajiri ya siku ile alifiwa na mama yake, akanipigia, nikamwambia nenda kazike, nitakushikia zamu. Nimepiga picha miaka kumi na tisa. Harusi, mahafali, mafuriko. Ukimziba mtu, unampisha. Hakuna mpiga picha wa maana asiyejua hilo." Alishika waya, akauachia. "Mzee Kipenga wanamfungia kwa ajili ya hatua yangu?"

"Kamati inakaa saa nane."

"Basi nitakuja. Nitasema nilivyosema hapa. Waniadhibu mimi, si ndiyo haki?"

"Njoo," mpelelezi alisema. "Uje na shati safi."

*

Fundi saa alikuwa na kibanda cha kioo chini ya ngazi za jengo la maduka, meza imekatwa chini ili ilingane na kiti chake. Alikuwa na lenzi kwenye jicho moja na saa ya mkononi iliyofunguliwa mgongo. Alimwomba mpelelezi asubiri mpaka skrubu moja ikae, kisha akatoa lenzi na kutabasamu.

"Mpiga picha mrefu? Namkumbuka sana. Nilimwomba tupige picha pamoja, mlinzi akatupigia. Ngoja."

Akaitafuta kwenye simu. Ilikuwa picha nzuri. Twiga amepiga goti kando ya kiti cha magurudumu ili vichwa vyao vilingane, nyuma yao kamera, na miguu mitatu ya kamera imesimama nje ya misalaba ya njano. Saa ya picha ilikuwa imeandikwa yenyewe: katikati ya mapumziko.

Mpelelezi aliitazama picha, na moyo wa kazi yake ukatulia, kwa sababu sasa ushahidi ulikuwa wa aina tatu na wote ulisema neno moja. Kisha akaona kitu kingine. Shingoni mwa fundi saa kulikuwa na skafu. Ya kijani.

"Wewe ni shabiki wa kijani?"

"Tangu marehemu baba. Tulishinda, si unajua. Lakini nikwambie ukweli, mama mkubwa." Alishusha sauti kama anayesengenya ndugu zake. "Lile goli lao lilikuwa halali. Nililiona mimi. Nilikuwa usawa kabisa, kwa mara ya kwanza hakuna kitu mbele yangu. Lilipofutwa nilipiga kelele na wenzangu, kisha nikanyamaza. Nikaona aibu."

"Utanitumia picha hii?"

"Nitume tu? Niite nije niseme! Yule mzee alileta saa yake hapa mwaka juzi. Nilipokosea bei nikamzidishia, hakuninunia. Saa nane, sivyo? Nitafunga kibanda."

"Si lazima uje. Picha inatosha," mpelelezi alisema.

Wakati huo aliamini hivyo.

*

Kamati ilikaa ghorofa ya pili. Nje ya mlango kulikuwa na benchi, na kwenye benchi walikuwa wameketi watatu: Mzee Kipenga na suti yake ya kijivu, goti amelinyoosha mbele, binti wa mistari, na Twiga, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linang'aa. Mzee alikuwa anamwuliza Twiga habari za yule mwenzake aliyefiwa, kama mazishi yalikwenda salama.

Ndani, mwenyekiti alimwinukia mpelelezi, akamvutia kiti, akamwagia maji kwenye glasi kwa mkono wake. Alikuwa mwanasheria, mtu wa makamo, mpole. Katibu aliketi kushoto kwake na kalamu.

Mpelelezi alieleza kwa mpangilio. Neno sogeza, na kwamba liliwafaa bluu. Kufuli na mlingoti. Aliwafumbisha jicho moja, wakafanya, na katibu akasema lo! Matundu kwenye mbao, na vipimo. Picha ya fundi saa. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, mwenyekiti alizichukua picha mbili akazitazama muda mrefu, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika.

"Nimekubali," alisema. "Kamera ilisogezwa. Kampuni itabidi ituombe radhi kwa barua yao."

Mpelelezi alishusha pumzi.

"Sasa nisaidie kupanga," mwenyekiti aliendelea. "Kamera ilisogezwa mapumziko."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na kuna ukaguzi wa mapumziko ambao ungeligundua hilo."

"Ndiyo."

"Haukufanyika, kwa sababu mkaguzi hakuwa chumbani."

"Alikwenda kula. Hakuwa amekula tangu jana yake."

"Nani alimtoa chumbani?"

Kalamu ya katibu ilikuwa imesimama, inangoja.

"Mzee Kipenga alimwonea huruma," alisema mpelelezi.

"Mzee Kipenga alimtoa chumbani," mwenyekiti alisema, bila ukali, na kalamu ikatembea. "Mpiga picha aliyesogeza, ndiye wa zamu?"

"Alimshikia mwenzake. Mwenzake alifiwa na mama."

"Siku hiyo hiyo."

"Vifo havina ratiba, mheshimiwa."

"Kweli. Na alisogeza kwa ajili ya huyu dada." Aliigeuza picha mezani ili katibu aione. "Skafu yake rangi gani?"

Katibu alitazama. "Kijani."

Feni ilizunguka. Mpelelezi alisikia nje, kwenye benchi, mzee akicheka kitu alichoambiwa na binti.

"Mheshimiwa, nimezungumza nao wote, mmoja mmoja, hawakujua nitauliza nini. Kila mmoja alimtendea mwenzake jema. Hilo tu. Yule mwenye njaa, yule mwenye msiba, yule aliyezibwa. Hakuna aliyejua la mwenzake."

"Unaweza kulithibitisha?"

"Nimeleta nilichokiona."

"Umeleta, na umefanya kazi nzuri kuliko yoyote niliyoiona ofisi hii." Alikuwa anamaanisha, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Mama, kidole kimoja hakivunji chawa. Wiki nzima nimejiuliza, mzee mmoja na neno moja, angewezaje peke yake? Sikupata jibu, na pengine leo ningemwachia. Sasa umeniletea vidole vyote."

"Alisogeza alama kuwafaa bluu!"

"Anayejua jibu la mwisho anaweza kuwa mkarimu njiani." Akafunga faili lake taratibu. "Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema mimi nimekaa hapa nihukumu kwa kinachoonekana. Wewe ulikuwa polisi. Mlinzi katoka, mlango haukukaguliwa, aliyeingia si wa zamu, na mali imekutwa kwa jirani. Ungeandika nini?"

Mpelelezi alifungua mdomo. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameandika mambo kama hayo, na mara zote alikuwa ameyaandika kwa neno lile lile ambalo katibu alikuwa analiandika sasa: njama.

"Ningeomba siku zaidi," alisema.

"Kanuni inanipa siku tisa. Leo ni ya tisa. Kesho sina mamlaka, hata nikitaka." Alimsogezea glasi. "Kunywa maji, mama. Katibu, mwite mzee. Baada yake mpiga picha na yule binti. Wasimamishwe wote jalada linapokwenda polisi."

Mzee Kipenga alijaribu kuinuka kwenye benchi, goti likamgomea. Twiga alimshika chini ya kwapa, binti akamshika mkono wa pili, wakamsimamisha, na binti akamweka sawa kola ya suti. Mlango ulikuwa wazi. Mpelelezi aliona wakifanya hivyo, na aliona mwenyekiti akiwaona. Mwenyekiti aliandika mstari mmoja.

Mzee alikaa ndani dakika kumi na mbili. Alipotoka alikuwa ameshika miwani yake mkononi.

"Wamenifungia," alisema. "Maisha. Na kesho niende polisi." Alikaa. Kisha akamgeukia mpelelezi aliyekuwa amesimama ukutani. "Wamesema na huyu mtoto wamemsimamisha. Kwa sababu nilimwambia akale. Mwanangu, ningesemaje? Ningemwambia asile?"

"Hapana, mzee."

"Basi ningefanya nini?"

Mpelelezi aliketi kando yake.

Katibu akatoka na fomu moja tupu. "Samahani, mama. Mwenyekiti anaomba jina na mahali anapopatikana yule dada wa kiti. Sijaliona kwenye ripoti yako."

"Sikuliandika."

"Kwa nini?"

"Picha ilikuwa inatosha."

"Kanuni inasema kila shahidi aandikwe." Katibu hakuwa mkali. Alionekana kuona haya. "Nami nimetumwa tu."

"Sitaliandika, mwanangu. Mwambie mwenyekiti nimekataa, anisimamishe na mimi."

Katibu alisimama pale na fomu yake, hajui aende wala arudi. Ndipo simu ya mpelelezi ikalia.

"Mama mkubwa!" Sauti ya fundi saa ilikuwa ya mtu aliyekimbizana na muda. "Nimekuja! Samahani nimechelewa kidogo. Niko hapa chini mlangoni, lakini jengo hili lina ngazi tupu. Huko juu kuna mtu wa kunisaidia kupanda?"

Aliongea kwa nguvu kama wanavyoongea watu walio barabarani, na korido ilikuwa kimya. Wote kwenye benchi walisikia.

"Usipande," mpelelezi alisema haraka. "Nisikilize, geuza kiti, rudi..."

Lakini Twiga alikuwa ameshainuka. Hakuwa amesikia la pili, alisikia ngazi tupu. Aliziteremka mbili mbili, na mpelelezi akamfuata mpaka kwenye kona, akaita, "Baba, ngoja! Muache!" na sauti yake ikashuka chini pamoja na vishindo vya viatu vya Twiga.

Chini walisalimiana. Ilisikika kicheko. Kisha vishindo vikaanza kupanda, hatua moja baada ya nyingine, chuma kikigonga ukuta, na Twiga akisema, "Shika vizuri, dada, usiogope, nimekubeba."

Mlango wa kamati ulifunguka. Mwenyekiti alitoka na glasi yake ya maji, akasimama karibu na katibu, akatazama mwanzo wa ngazi.

"Ndiye huyo anayekuja?" aliuliza.

Kichwa cha Twiga kilitokea kwanza, jasho linamtoka, kisha mikono yake mirefu imekikumbatia kiti, na ndani ya kiti mwanamke aliyevaa nguo zake za kutokea, akitabasamu kwa watu wote waliokuwa wamesimama kumpokea.

Katibu aliiweka fomu ukutani ili apate pa kuandikia.